Tairi za Mbele

Mutalemwa wa Murongo alilivisha tairi nzuri gari lililokwisha kuua watu, kisha akasimama mbele ya wafiwa akasema dereva alikuwa mlevi. Dereva alikuwa amelala chini ya udongo wa Isingiro, hakuweza kujibu. Mkewe, Laurensia, alijibu, wakamcheka. Hilo ndilo kosa lenyewe, na yote yaliyompata Laurensia baadaye yalifuata nyuma ya kosa hilo kama mkia unavyomfuata ng'ombe.

Kabla ya hapo Laurensia alikuwa mtu kama watu wengine. Wazazi wake walivuka kutoka Rwanda yeye akiwa mgongoni, wakapewa kipande cha pori Isingiro, wakakifyeka mpaka kikawa shamba la migomba. Shuleni alifika mara moja tu, kupeleka kuni za mwalimu. Mwaka wa vita, malori ya jeshi yalipokuwa yakipita Karagwe usiku na mchana, aliolewa na Anastazi, kijana aliyekuwa akipakia na kupakua magunia ya askari. Dereva mmoja wa jeshi alimpenda Anastazi kwa sababu hakuiba sukari, akamfundisha kushika usukani. Vita ilipokwisha malori yakaondoka, na ujuzi ukabaki naye.

Mutalemwa ndiye aliyempa kazi. Huyu alikuwa mfanyabiashara kutoka Muleba, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani, aliyefungua duka Murongo karibu na daraja la kuvukia Uganda. Alikuwa na Landrova mbili. Moja ilikuwa kuukuu, imekatwa nyuma ikawa ya mizigo, na hiyo alipewa Anastazi akusanyie ndizi na kahawa vijijini. Ya pili ilikuwa ya familia, imefunikwa, ina viti vya kitambaa. Siku za Jumapili ilimpeleka Mutalemwa misani na mkewe na binti yao Kemirembe.

Wanaume wengine wa Isingiro walipokaa kwenye rubisi, pombe ya ndizi, walizungumza ng'ombe. Anastazi alizungumza tairi. Laurensia alizoea. Mumewe akirudi jioni angemwita nje, amshikishe tairi kwa kiganja, amwambie asikie meno yake yalivyobaki. Tairi za meno, alisema, ni za tope, zinauma ardhi. Kipara ni cha lami, na lami wao waliisikia tu kwa waliofika Bukoba. Tena alikuwa na neno lake ambalo Laurensia alilisikia mpaka akawa analitamka pamoja naye:

"Ya nyuma inakupeleka. Ya mbele ndiyo inayokurudisha nyumbani."

Laurensia humwuliza, kwani ya mbele ina nini? Naye humwonyesha kwa miguu, pale kwenye mteremko wa kisimani mvua ikiwa imenyesha. Anashuka peku, anageuza vidole upande, vidole vinashika na mwili unafuata. Kisha anakunja vidole juu, ashuke kwa nyama laini ya unyayo. Kichwa kimegeuka kulia, mabega yamegeuka kulia, na yeye anateleza moja kwa moja mpaka kwenye majani ya magimbi. Watoto walicheka. Laurensia naye alicheka, akamwambia mwanamume mzima anafua suruali yake mwenyewe leo.

Miaka ile tairi haikuwa kitu cha kuingia dukani ukanunua. Ilitafutwa kwa kibali na kwa kujuana. Mutalemwa alikuwa amepata za meno nne, akazifunga zote kwenye Landrova ya mizigo, maana ndiyo iliyokuwa ikimletea ulaji. Ile ya familia ilibaki na vipara, nayo ilitembea kiangazi tu.

Masika ya mwaka wa themanini na tano yalikuta Kemirembe anajiandaa kwa komunyo ya kwanza. Mutalemwa alitaka mtoto akapokee kwao Muleba, mbele ya bibi yake na ukoo mzima, na gauni jeupe lilikwisha kushonwa. Njia ilikuwa tope kuanzia Murongo mpaka mbali. Basi katikati ya wiki alimwita Anastazi, akamwambia afungue tairi mbili za mbele za gari la mizigo, azifunge kwenye gari la familia, na vipara viwili vije huku.

Anastazi alirudi nyumbani jioni ile amenuna. Akamweleza mkewe yote, akimwigiza tajiri wake, tumbo mbele na kidole hewani.

"Gari ni mbuzi, kijana wangu. Mbuzi akipanda mlima anasukuma kwa miguu ya nyuma. Ya mbele inafuata tu."

Laurensia aliuliza yeye alijibu nini. Anastazi akasema amejibu kwamba mbuzi huyo akishuka, ya mbele ndiyo inayomzuia asivunjike shingo. Mutalemwa akacheka, akasema mtu aliyefundishwa na jeshi asimfundishe yeye mali yake, na kama usukani umekuwa mzito wapo vijana wengi wa kuja wanaoutaka. Hilo neno, watu wa kuja, lilimnyamazisha. Wao wote pale walikuwa watu wa kuja. Walipotakiwa kueleza kwa viongozi wamekaa tangu lini na kwa idhini ya nani, Mutalemwa ndiye aliyekuwa akiwasemea.

Jumamosi ilikuwa siku ya gulio Murongo. Anastazi aliamka mapema, akanywa uji, akapakia ndizi za watu. Mbele alimkalisha jirani yao Placidia, mke wa mtu, aliyekuwa na dumu la rubisi la kwenda kuuza. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, sasa imepungua. Laurensia alimpa mumewe kipande cha kiazi kwenye jani la mgomba. Anastazi akasema atakwenda polepole.

Barabara ikitoka Isingiro kuelekea mtoni hushuka kwenye ubavu wa kilima, na mahali pamoja inakata kulia ghafla. Kushoto kwake ni korongo. Laurensia alikuwa anapalilia maharage aliposikia watu wanakimbia. Naye akakimbia, jembe mkononi, mpaka akafika akalikuta gari limeingia korongoni kichwa kwanza, limekaa juu ya kisiki cha mkaratusi, na ndizi zimetapakaa kijani kila mahali. Placidia alikuwa amekwisha kufa. Anastazi alikuwa akipumua. Dumu la rubisi lilikuwa limepasuka mapajani mwake, na alinuka kama mtu aliyeogeshwa kwa pombe.

Laurensia alimshika kichwa mpaka kikawa kizito.

Walipombeba kumpandisha juu, Laurensia aligeuka awafuate. Aliegemea kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni gurudumu la mbele. Kiganja chake kikalisikia kabla ya macho. Lilikuwa laini kama jiwe la mtoni. Na lilikuwa limepinda. Magurudumu yote mawili ya mbele yalikuwa yametazama kulia, yamekwama hivyo, kama shingo ya kuku aliyenyongwa. Aliyaona, akayaacha. Mtu aliyefiwa sasa hivi haoni gurudumu ni nini.

Mutalemwa alifika jioni na Landrova ya familia, ile yenye tairi za meno mbele. Alilia kwa sauti. Akasema yeye na kijana wake wa dukani watabaki kulinda gari lisiibiwe vyuma. Watu wakamshukuru.

Kesho yake asubuhi Laurensia alirudi korongoni peke yake. Anastazi alikuwa ameletwa nyumbani na kiatu kimoja, na yeye hakutaka azikwe hivyo. Alitafuta kwenye magimbi, akakipata. Alipoinuka akashika tena lile gurudumu ili apande, na kiganja chake kikakutana na meno. Meno makali, mazima. Alizunguka upande wa pili, akashika, meno. Magurudumu yalikuwa bado yamepinda kulia vilevile, maana usukani ulikwama na hakuna aliyeweza kuunyoosha. Viatu vya gari tu ndivyo vilivyobadilishwa.

Askari wa barabarani walifika mchana. Walilikuta gari lina tairi nzuri zote nne. Wakainama wakaangalia alama zilizobaki kwenye tope pale juu, wakanusa nguo za marehemu, wakaondoka.

Siku ya kuanua tanga ukoo ulikaa uani, majirani wakakaa, na mzee wa ukoo akatangaza kama desturi ilivyo: anayemdai marehemu ajitokeze aseme, na anayedaiwa na marehemu ajitokeze aseme, ili marehemu asiende na mzigo wa mtu wala mtu asibaki na mzigo wake. Mutalemwa akasimama. Alikuwa amevaa koti. Akasema yeye anamdai marehemu gari zima, lakini kama Mkristo anamsamehe. Anasikitika tu kwamba pombe imempokonya kijana mwema na imempokonya jirani mke. Watu wakaguna kwa uchungu, na mama mkwe wa Placidia, mzee Costansia, akafunika uso kwa kanga.

Laurensia alikuwa amekaa chini na wanawake. Akasema kutoka hapo hapo chini kwamba mume wake hakunywa, rubisi ilikuwa ya Placidia, na gari lilikuwa na vipara mbele siku ile, na kesho yake asubuhi lilikuwa na meno. Akasema aliyezibadilisha tairi yumo humu.

Kisha mwanamume mmoja akauliza kwa upole tangu lini mama Evangelina amekuwa fundi wa magari, na kicheko kikapita uani, kicheko kidogo cha msibani ambacho mtu hukimeza nusu. Mutalemwa hakucheka. Alimgeukia kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomchoma Laurensia kuliko kicheko.

"Mama Evangelina, pole. Lakini wote tumeziona alama pale juu. Zimenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Mtu aliye macho hukata kona. Yeye hakukata."

Alama zilikuwa zimenyooka kweli. Celestin, ndugu yake Anastazi, mtu pekee ambaye neno lake lingesikika, aliangalia vidole vyake vya miguu. Alikuwa na watoto wengi na shamba lisilo na idhini ya maandishi. Mwezi haukuisha akaonekana amevaa katambuga mpya, viatu vya tairi, zawadi kutoka Murongo. Mutalemwa alikuwa amempa mshona viatu wa sokoni tairi mbili kuukuu azikate. Laurensia alivitazama viatu vile vya shemeji yake, nyayo zake laini zisizo na jino hata moja, akajua anatazama nini. Ushahidi wake ulikuwa unatembea Isingiro, unakwenda kwenye rubisi, unakwenda kanisani.

Katambuga haziishi upesi. Celestin alizivaa miaka na miaka.

Miaka hiyo Laurensia aliilima kama mtu anayelima mawe. Evangelina, bintiye mkubwa, alichumbiwa na watu wa Bweranyange, nao wakaulizia ukoo, wakaambiwa baba yake ndiye yule aliyelala kwenye usukani akaua mke wa mtu. Posa ikapotelea njiani. Baadaye aliolewa mbali, kwa watu wasiouliza. Kisimani Laurensia akimwambia Costansia "Shikamoo, mama," Costansia hujaza ndoo yake, huiinua kichwani, huondoka. Hakumtukana hata siku moja. Alimwacha tu na shikamoo yake mdomoni.

Hayo yote Laurensia angeyabeba. Lililomla ndani lilikuwa jingine, na hakumwambia mtu. Lilikuwa zile alama zilizonyooka. Vipara alivishika kwa mkono wake, hilo hakuna wa kumtoa. Lakini hata gari la vipara, alijiambia, mtu akikata usukani si litageuka kidogo? Si litaacha alama iliyopinda kidogo, hata kama ni kwa kuchelewa? Kwa nini zilinyooka vile? Akiwa anang'oa magugu kaburini alimwuliza Anastazi. Kwa nini hukukata? Ulisinzia? Placidia alikuonjesha kidogo kwenye kifuniko? Alimwuliza kwa hasira, kama mume aliyechelewa kurudi. Akawa mjane anayemtetea mumewe mchana na kumshitaki usiku. Hakuna uchovu kama huo.

Mwaka wa tisini na nane, baada ya zile mvua kubwa zilizovunja barabara na madaraja nchi nzima, Laurensia alikuwa bado anapeleka ndizi Murongo siku za gulio. Alizibebesha kwa Theoneste, kijana wa bodaboda mwenye baiskeli na maneno mengi. Mutalemwa alikuwa amezeeka. Duka lilikuwa limeongezwa chumba chenye televisheni na jenereta nyuma, na Kemirembe, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa anayesoma Uganda, alikuwa amekuja likizo na mashine ya mchezo wa magari, ile ya kuunganisha kwenye televisheni ukashika kidude kwa mikono miwili. Waendesha bodaboda walijazana humo mvua ikinyesha.

Laurensia alikuwa hajakanyaga duka lile tangu msiba. Siku ile mvua ilimkamata katikati ya soko pamoja na mkungu wake, na upenu uliokuwa karibu ulikuwa wa Mutalemwa. Alisimama ukingoni, mgongo mlangoni. Theoneste aliyekuwa ndani akamwona, akamwita aingie mama asilowe. Hakuingia. Aligeuka tu.

Kwenye televisheni kulikuwa na gari jekundu limesimama, na barabara ya tope ikishuka kilima. Mutalemwa mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele, kile kidude kimepotea kwenye mikono yake minene. Vijana walikuwa wakimtania. Theoneste alimwambia mzee aachie wenzake, hiki si rozari. Kemirembe aliyeketi kando ya baba yake alikuwa akimsomea. Kabla ya kuanza, alisema, mchezo unakuuliza unafunga tairi gani mbele na gani nyuma.

"Nyuma weka za meno," Mutalemwa akasema. "Mbele weka hizo laini, liwe jepesi."

"Tata, njia ni ya tope."

"Gari ni mbuzi, mwanangu. Linasukumwa na ya nyuma. Ya mbele inafuata tu."

Laurensia aliushusha mkungu chini. Maneno yale aliyafahamu kwa sauti mbili, sauti ya mwenyewe na sauti ya Anastazi akimwigiza, tumbo mbele, kidole hewani, jioni ile.

Gari jekundu likaondoka. Likashuka vizuri, likapata mbio. Ikaja kona ya kulia. Laurensia aliliona gari kwa nyuma yake, aliona magurudumu ya mbele yakigeuka kulia, yakageuka mpaka mwisho, na gari halikugeuka. Lilikwenda mbele. Lilikwenda mbele limenyooka, magurudumu yametazama kulia kama mtu anayevutwa mkono huku kichwa kikitazama nyumbani, mpaka likatoka barabarani likaingia kwenye miti.

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Mmoja akasema mzee amesinzia. Theoneste akapiga makofi.

"Mzee amelewa! Mnyang'anyeni usukani, mzee amelewa soda!"

"Sikulewa!" Mutalemwa alikuwa ameinuka nusu, uso umejaa damu. "Nimekata! Nimekata mpaka mwisho, wote mmeona. Ni gari lenyewe halisikii!"

Kisha macho yake yakafika mlangoni.

Vijana waliendelea kucheka kidogo, halafu kicheko kikaisha kimoja kimoja, kwa sababu mzee alikuwa amesimama hivyo hivyo na kidude mkononi, hakai wala hanyooki. Laurensia alikuwa ameingia. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye kanga.

"Sema tena, mzee," akamwambia.

Mutalemwa alikiweka kidude kitini.

Laurensia akamgeukia Kemirembe. Akamwomba, mwanangu, kirudishe kile kilichopita, nikione. Msichana alimtazama baba yake, akamtazama mwanamke huyu aliyelowa, na kwa adabu tu akafanya alivyoombwa. Picha ikarudi, safari hii kwa juu, gari likiwa dogo na barabara yote ikionekana. Laurensia alikisogelea kioo mpaka Theoneste akampisha. Akauliza hizo alama mbili zilizobaki kwenye tope ni za tairi? Kemirembe akasema ndiyo. Zimenyooka au zimepinda? Zimenyooka, mama. Na usukani, dereva aliukata au hakuukata?

"Aliukata wote," Kemirembe akasema. "Tairi za nyuma zinashika, zinasukuma. Za mbele hazina meno, zinateleza tu juu ya tope. Hapo hata ukate vipi, gari linakwenda moja kwa moja." Akaona bado anatazamwa, akaongeza, "Ngoja nikuonyeshe," akafunga za meno mbele, akaendesha yeye. Kona ile ile, mbio zile zile. Gari liligeuka kama ng'ombe anayejua zizi lake.

Laurensia aliketi chini kwenye sakafu ya Mutalemwa. Hakulia. Aliweka kiganja chake juu ya saruji, kikalala pale, na aliona magurudumu mawili korongoni, laini, yametazama kulia. Aliyaona miaka yote hiyo. Aliyashika kwa mkono wake mara mbili. Anastazi alikuwa amemwachia jibu pale pale wazi, na yeye alikuwa akienda kaburini kumwuliza.

Alikata. Alikata mpaka mwisho.

Kisha aliwaeleza vijana wale, maana wakati ule wengi walikuwa watoto wadogo. Aliwaeleza kona ya Isingiro, vipara vya jioni na meno ya asubuhi, na maneno yaliyosemwa siku ya kuanua tanga. Hakupandisha sauti. Theoneste alivua kofia, sijui kwa nini, akaishika kifuani.

"Huu ni mchezo, mama Evangelina," Mutalemwa akasema. "Ni picha za kitoto. Huwezi kumhukumu mtu kwa katuni."

Kemirembe ndiye aliyeuliza, na aliuliza polepole kama mtu anayeokota kitu gizani. "Tata, ule mwaka wa komunyo yangu. Si ndio mwaka ambao hatukwenda Muleba? Nililia na gauni langu. Ukasema tairi tulizokuwa nazo zimepata kazi nyingine."

Mutalemwa alipaza sauti kwa kijana wa nyuma, akamwambia azime jenereta, petroli inaisha. Televisheni ikafa. Mvua ikasikika juu ya bati. Laurensia alisubiri pale sakafuni, akimpa nafasi. Maneno aliyotaka yangeingia kwenye pumzi moja. Kisha akainuka, akamwacha na mkungu wa ndizi mlangoni, akatembea kwa miguu mpaka Isingiro.

Alipita kaburini kwanza. Alichomwambia Anastazi ni chake.

Habari ilifika kijijini kabla nguo zake hazijakauka, Theoneste ana mdomo na ana baiskeli. Jumapili iliyofuata Celestin alikwenda misani peku, mtu mzima mwenye mvi, akapita na matope yake mpaka mbele kupokea. Laurensia aliitazama miguu ile, akaona imechelewa, lakini aliitazama.

Kutoka Murongo ilikuja sukari na doti ya kitenge, bila salamu. Laurensia akamrudishia Theoneste mzigo ule ule alivyouleta. Kisha akaja Kemirembe mwenyewe. Akakaa kwenye mkeka, akala viazi alivyopewa, akapiga magoti kuomba msamaha. Laurensia akamwinua. Alimwambia mtoto wa miaka minane aliyengoja gauni jeupe hana deni kwa mtu, arudi shuleni. Msichana akasema amemsihi baba yake aje. Akasema baba yake hutoka nje, hufika kwenye gari, hurudi ndani.

Na Costansia? Laurensia alimkuta kisimani, akamwamkia kama siku zote. Safari hii mzee aliweka ndoo chini. Macho yake yameingia utando sasa.

"Nimesikia wanavyosema," akasema. "Ila mimi nilimsikia yule mwanamume kwa masikio yangu, mbele ya watu, na kwangu mke wa mwanangu hajaoza. Nitamsikia tena kwa masikio haya haya akisema vingine. Hapo nitakuitikia." Akainua ndoo yake.

Laurensia hakumlaumu. Ni haki. Neno lililotolewa uani mbele ya ukoo halifutwi na televisheni wala na maneno ya bodaboda. Linafutwa na mdomo uliolitoa, mahali lilipotolewa.

Kwa hiyo deni lipo. Si la gari, si la sukari, wala Kemirembe asilirithi. Mutalemwa wa Murongo anadaiwa kuja Isingiro, asimame ule uani, Celestin akiwapo, Costansia akiwa bado anasikia, aseme: nilimvua tairi za mbele, nikamvisha tena amekwisha kufa, naye alikuwa macho, naye alikata. Asipokuja akiwa hai, Laurensia atakwenda yeye Muleba siku watakapomwanulia tanga. Atakaa chini na wanawake. Na mzee wa ukoo atakapouliza ni nani anayemdai marehemu, atasimama.